Shamba linauzwa: ubaki na kumbukumbu kwa njia ya Atkins, ya Adams au ya Brandt?

Wiki mbili zilizopita binti wa dada yangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana hali za watoto, akafikia kilichomkosesha usingizi. Shamba la marehemu baba yangu kule Muheza, lile la michungwa, ukoo umekubaliana liuzwe. Mnunuzi ameshapatikana, yamebaki makaratasi tu.

"Mjomba," akaniambia, "nimepiga picha kama mia nne kwa simu. Kila nikizifungua naona miti tu. Babu simwoni. Nifanyeje?"

Nilikaa na swali lile kutwa nzima. Shamba lile nimekulia, na babu yake ndiye baba yangu. Kazi yangu ya miaka yote ni picha, lakini hata mimi nikifungua zile mia nne alizonitumia, mchungwa wa kwetu hautofautiani na mchungwa wa shamba lolote la jirani. Nikamwambia wapo watu watatu waliohangaika na jambo hilohilo, la mahali na viumbe vinavyoondoka, na kila mmoja alilishika kwa namna yake: Anna Atkins wa Uingereza, Ansel Adams wa Marekani, na Nick Brandt, Mwingereza ambaye kazi iliyompa jina aliifanyia huku kwetu Afrika Mashariki. Nikamwahidi kuziandika njia zao tatu ili achague. Naandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya yeyote mwenye shamba linalouzwa, mikoko inayokatwa au nyumba ya bibi inayopisha barabara.

Kabla ya kuchagua kuna swali moja la kujijibu kwa dhati: unachoogopa kukisahau ni kipi? Ni umbo la kitu, jani lile hasa na mshipa wake? Ni hali ya mahali, mwanga wa jioni na utulivu uliokuwa ukikujia pale? Au unachoogopa ni kwamba kesho watu watapita hapo bila hata mmoja kujua palikuwa na nini? Atkins anajibu la kwanza, Adams la pili, Brandt la tatu. Hakuna anayejibu yote.

Atkins: mmea wenyewe juu ya karatasi

Anna Atkins alizaliwa mwaka 1799 Tonbridge, katika jimbo la Kent. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mchanga, akalelewa na baba yake, John George Children, mwanasayansi wa British Museum. Kwa baba huyo alijifunza kuangalia vitu kwa makini na kuchora makombe ya baharini kwa ajili ya kitabu cha kitaalamu. Mwaka 1842 John Herschel, mwanasayansi aliyefahamiana na familia yao, akavumbua sayanotaipu. Chumvi mbili zenye madini ya chuma zinachanganywa na maji, zinapakwa kwenye karatasi kwa brashi na kuachwa zikauke gizani, kisha karatasi inatolewa juani. Palipopigwa na jua panageuka buluu ambayo haitoki kwa maji, na palipofunikwa panabaki peupe.

Atkins alikuwa akikusanya mwani. Mwani mwingine ni mwembamba kuliko unywele, na mkono wa mchoraji hata uwe hodari vipi unashindwa kuufuata. Akaona aache kuchora. Aliulaza mwani wenyewe juu ya karatasi, akaukandamiza kwa kioo, akauanika juani. Oktoba 1843 alitoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha mwani wa Uingereza, na hakuacha mpaka mwaka 1853. Ndicho kinachohesabiwa kuwa kitabu cha kwanza duniani chenye picha zilizotengenezwa kwa mwanga, na hakuna kamera iliyogusa hata ukurasa mmoja wake.

Fikiria kazi yake ilivyokuwa. Kitabu kizima kinakaribia kurasa 400 za picha, na kila nakala ilibidi itengenezwe upya: karatasi ipakwe, mmea ulazwe, jua lingojwe, na huko ni Uingereza, ambako jua si la kuamka ukalikuta. Hata maandishi aliyaweka kwa njia hiyohiyo. Aliandika kwa mkono jina la Kilatini la kila mwani, akalichapa kwa jua pamoja na mmea wake, ndiyo maana majina yamekaa meupe ndani ya buluu kama sehemu ya mwani. Wanawake wa Paje na Jambiani wanaoamka na maji kupwa kwenda kufunga mwani kwenye kamba wangemwelewa mara moja. Ni kazi ya mgongo ulioinama na vidole vilivyolowa.

Faida kubwa ya njia hii kwa mtu anayetaka kumbukumbu ni kwamba kitu kimeigusa karatasi. Picha ya kamera imepita kwenye lenzi, imepunguzwa, imekatwa pembeni. Sayanotaipu ni ya ukubwa uleule wa jani. Nimefanya majaribio na jani la mchungwa kwa ajili ya kumwonyesha mpwa wangu. Jani la mchungwa ni nene, kwa hiyo katikati linatoka jeupe tupu, mishipa haionekani. Nikakaribia kukata tamaa. Halafu nikaangalia kikonyo. Pale kikonyo kinapokutana na jani, mchungwa una kibawa kidogo pande zote mbili, chembamba kiasi kwamba jua linapenya. Kwenye karatasi kibawa kile kimetoka na buluu hafifu, na pembeni yake kuna tundu mbili ndogo alizotoboa mdudu. Nimeishi na michungwa miaka hamsini na sikuwahi kukiangalia kibawa kile. Picha mia nne za simu hazinacho.

Udhaifu wake nao useme kweli. Njia hii haijui mbali. Kilima hakilali juu ya karatasi, wala mlio wa ndege, wala sura ya mtu aliyekaa chini ya mti. Inachukua kile unachoweza kukibeba kwa mkono: jani, ua, unyasi, kangaga la kando ya mto, kipande cha kamba, kitambaa chenye matundu. Na rangi ni buluu tu. Anayetaka kuona machungwa yalivyoiva atafute njia nyingine.

Vitu vyenyewe ni vichache. Kemikali mbili, feriki amonia sitreti na potasiamu ferisianidi, zinaagizwa kwa wauza vifaa vya maabara. Unachanganya kila moja na maji kivyake, kisha unaziunganisha kiasi kwa kiasi siku unayotaka kufanya kazi. Vaa glavu. Karatasi iwe nene, ile ya rangi za maji. Kwa jua letu la saa nne au saa tano asubuhi dakika 5 mpaka 15 zinatosha. Utaona rangi ya manjano-kijani inageuka kuwa ya kijivu chenye kutu. Kisha osha kwa maji safi mpaka yale ya manjano yaishe. Kosa linalowaharibia wengi ni kuosha kwa sabuni au kwa maji yenye magadi: buluu inachujuka mbele ya macho yako. Tena usiitundike picha mahali inapopigwa na jua kila siku, itafifia. Ikififia, iweke kabatini gizani kwa muda. Sehemu kubwa ya buluu hurudi. Mimi hilo limenigusa kila nilipoliona, kumbukumbu inayopata nguvu kwa kupumzishwa gizani.

Adams: kungoja mwanga, na kurudi tena kwenye negativu

Ansel Adams alizaliwa San Francisco mwaka 1902 na kufariki mwaka 1984. Alifika bonde la Yosemite, huko California, kwa mara ya kwanza mwaka 1916, akiwa mvulana wa miaka 14, na tangu hapo alirudi kila mwaka mpaka kifo chake. Mwaka 1927 alipanda na kamera nzito na mabamba machache ya kioo, yaliyotumika badala ya filamu, kwenda kupiga uso wa mwamba unaoitwa Half Dome. Alipobakiwa na mabamba mawili, moja akalipiga kwa filta ya manjano, yaani kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi, kisha akagundua kwamba picha hiyo itaonyesha mwamba ulivyo na haitaonyesha ulivyomtisha. La mwisho akalipiga kwa filta nyekundu iliyokoza, inayogeuza anga la buluu kuwa karibu jeusi. Mwamba ukatoka umesimama kwenye giza mchana kweupe. Tangu siku ile alishika kanuni ya kuiona picha kamili akilini kabla ya kuifungua kamera.

Kwa hiyo tofauti yake na Atkins ni kubwa kuliko ya mwenye kamera na asiye nayo. Atkins anaondoa mkono wake ili mmea ujisemee. Adams anatia mkono wake kila hatua: filta, muda, kemikali, karatasi. Alisomea piano kabla ya kujikita kwenye picha, na alizoea kusema kwamba negativu, yaani bamba au filamu iliyopigwa ambayo picha huchapwa kutoka kwake, ni kama nota za muziki na kuchapa ni kama kuzipiga. Nota hazibadiliki, mpigaji ndiye anayebadilika.

Kwa habari ya kumbukumbu, picha yake ninayoirudia zaidi ni ile ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Alikuwa njiani kwa gari jioni, siku haikuwa njema, hakuna picha ya maana aliyopata. Akaona pembeni mwa barabara kijiji chenye kanisa dogo, makaburi yenye misalaba meupe, nyuma yake milima yenye theluji, na juu mwezi. Akasimamisha gari, wakahangaika kutoa kamera kubwa na stendi yake. Kipima mwanga hakikuonekana. Jua lilikuwa linakaribia kuzama nyuma yake na misalaba ilikuwa inapoteza mwanga. Akakumbuka kwamba mwangaza wa mwezi anaujua kwa hesabu, akakadiria kutokana na huo, akapiga. Alipogeuza kibebeo cha filamu ili apige ya pili kwa usalama, mwanga ulikuwa umeshaondoka kwenye misalaba. Amebaki na negativu moja.

Negativu hiyo moja aliichapa zaidi ya mara 1,000 katika maisha yake. Zile za mwanzo zina anga la kijivu na mawingu yanaonekana. Kadiri miaka ilivyokwenda alilikoleza anga, mpaka zile za uzeeni juu ya mwezi ni giza tupu. Mwaka 1948 alifikia hata kuitia negativu yenyewe dawa ili sehemu ya chini ipate nguvu. Ukiziweka picha ya mapema na ya baadaye pamoja, utadhani ni jioni mbili tofauti.

Na siku yenyewe aliisahau. Hakuwa mtu wa kuandika tarehe, na picha hiyo aliwahi kuipa miaka tofautitofauti. Wanaastronomia ndio waliokuja kumsaidia: kutokana na mahali mwezi ulipo kwenye picha, walipiga hesabu wakaipata tarehe 1 Novemba 1941, saa 10 na dakika 49 jioni. Hesabu hiyo ya mwisho ilipatikana mwaka 1991, yeye akiwa ameshafariki. Alikumbuka hisia ya jioni ile kwa miaka 40, akaichapa na kuichapa, na mwaka wake hakuushika.

Hiyo ndiyo njia ya Adams kwa anayetaka kuichagua. Inakupa mahali palivyokukaa moyoni, na moyo hukoleza. Kama mpwa wangu anataka watoto wake waone jinsi alivyojisikia alipokuwa akishuka kwenye daladala na kuiona ile njia ya mchanga inayoingia shambani, hakuna njia inayoikaribia hii. Lakini ina sharti zito: lazima mahali upajue. Adams alipopiga Half Dome alikuwa amerudi Yosemite miaka 11. Hutakwenda Muheza Jumapili moja na kurudi na kitu cha namna hiyo.

Sharti la pili ni vifaa. Kamera ya filamu bado unaweza kuipata, filamu nyeusi-na-nyeupe unaweza kuagiza, lakini chumba cha giza kimekuwa shida. Nilipoanza kazi, kusafisha picha za nyeusi-na-nyeupe ilikuwa jambo la kila studio mtaani. Leo vijana wengi ninaowafundisha hawajawahi kunusa ile dawa. Unaweza kuifuata njia yake kwa simu ukitaka, mradi uifuate kwa nidhamu yake: chagua pembe moja, saa moja, nenda jioni kumi mfululizo, kila jioni upige picha moja tu, kisha mwisho uchape moja kati ya hizo kumi kwenye karatasi nzuri. Nimewapa wanafunzi zoezi hilo na wengi huacha siku ya nne. Wanaofika ya kumi hurudi na picha.

Brandt: kumrudisha aliyeondoka pale alipokuwa

Nick Brandt alizaliwa London mwaka 1964. Mwaka 1995 alikuja Tanzania kupiga sehemu ya video ya wimbo wa Michael Jackson aliyokuwa akiiongoza, na nchi ikamshika. Akarudi na kamera ya filamu, akapiga wanyama wa Afrika Mashariki bila lenzi ndefu ya kuvuta mbali, akiwasogelea kama mtu anayempiga mtu picha ya studio. Mwaka 2007, huko Amboseli, Kenya, alimpiga picha tembo dume aliyeitwa Igor, akinywa maji. Miaka miwili baadaye majangili walimuua Igor, akiwa na miaka 49. Kwa tembo aliyezoea watu na kuwaacha wamkaribie, kuaminiana kule ndiko kulikomponza. Mwaka 2010 Brandt na mhifadhi Richard Bonham wakaanzisha shirika la Big Life, linaloajiri askari wa wanyamapori kutoka jamii za eneo la Amboseli.

Lakini kwa habari yetu ya leo kazi yake muhimu ni ile aliyoitoa mwaka 2016, Inherit the Dust. Alichukua picha za wanyama alizokuwa amepiga zamani na hakuzitoa, akazichapa kwa ukubwa halisi wa mnyama, akazibandika kwenye mbao, kisha akazisafirisha hadi maeneo ya Kenya ambako wanyama wa aina hiyo walikuwa wakitembea na sasa hawapo. Tembo amesimama kwenye jalala. Twiga yuko kwenye machimbo ya mawe. Kifaru yuko mbele ya kiwanda. Halafu akapiga picha ya jumla, watu wakiwa katika shughuli zao, wakiokota, wakibeba, wakipita. Wengi hawamtazami mnyama kabisa. Hapo ndipo picha inapouma, na hailaumu wale watu. Wana njaa yao na haraka yao, wao pia wanaishi katika mahali palipochakaa.

Hii ndiyo njia pekee kati ya hizi tatu inayofanya kazi baada ya kitu kuondoka. Atkins anahitaji jani, Adams anahitaji mwanga wa siku hiyo. Brandt anahitaji picha ya zamani na mahali palipobadilika.

Mwaka juzi nilijaribu. Uani kwetu Tanga palikuwa na mti mkubwa wa mkungu ambao majani yake yalikuwa yakigeuka mekundu kabla ya kudondoka. Ulikatwa, pakajengwa vyumba vya kupangisha. Nilikuwa na picha moja ya Idi ya mwaka 1986, sisi watoto tumepangwa mstari mbele ya shina, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinasimama. Nikaipeleka kwa wachapaji wa mabango, wakaikuza mpaka shina likawa na upana wake, mikono miwili iliyonyooshwa. Picha ilipasuka chembechembe, nyuso zetu zikawa madoa, shina likabaki shina. Nikaisimamisha ukutani palepale.

Wapangaji walipita na ndoo zao. Mtoto mmoja akauliza kama ni tangazo. Kisha akaja mama mmoja jirani, mtu mzima sana, ambaye alikuwa akija kusukia ukili chini ya mti ule. Hakusema kitu. Akasogea hatua nne upande wa kushoto, mbali na bango, akasimama juani. Nikamuuliza, "Mama, mbona umekwenda kusimama huko?" Akanijibu, "Hapa ndipo kivuli chake kilipokuwa kikifika saa kumi." Nikapiga picha hapo, yeye na bango na ile nafasi tupu kati yao. Nimepiga maelfu ya picha maishani na hiyo ndiyo ningeokoa nyumba ikiwaka moto.

Gharama yake usiidharau. Bango kubwa ni pesa, kulisafirisha ni shida, na upepo ni adui. Na lazima upate ruhusa ya mwenye mahali, ambaye sasa si wewe. Mwombe kwa heshima na mapema, hata kabla ya kusaini mauzo. Mnunuzi wa shamba akielezwa kwamba mnataka nusu saa tu ya kumkumbuka mzee wenu, sidhani kama atakataa.

Ukiziweka pamoja

Kwa muda, Atkins anashinda waziwazi: asubuhi moja inakupa picha kumi. Brandt anakutaka wiki kadhaa za maandalizi na siku moja ya kazi. Adams anakutaka miaka, au angalau msimu. Kwa pesa, Atkins tena ni rahisi. Adams kwa filamu ni ghali na kwa simu ni bure. Brandt ni ghali vyovyote iwavyo, ila unaweza kupunguza: si lazima mti mzima, hata mlango wa nyumba au mtu aliyekaa kwenye kiti anatosha.

Kwa uaminifu wa kumbukumbu, hapo kila mtu na mtazamo wake. Sayanotaipu haiwezi kusema uongo kuhusu jani, wala haiwezi kusema lolote zaidi ya jani. Adams anakuonyesha kweli ya moyo, na ameyafanyia kazi mengi ambayo jicho halikuyaona. Brandt hafichi kwamba kumbukumbu imeletwa kutoka nje. Bango linaonekana ni bango, mbao zinaonekana, na ule mshono kati ya zamani na sasa ndio anaotaka uuone.

Kwa kudumu, nina neno zito. Mwaka 1937 chumba cha giza cha Adams kule Yosemite kiliwaka moto, na negativu nyingi zikateketea. Miaka 40 baadaye, mwaka 1977, moto uliunguza nyumba ya Peter Beard kule Montauk. Huyu ni yule Mmarekani aliyeishi karibu na vilima vya Ngong na kupiga kutoka angani mizoga ya tembo waliokufa kwa njaa Tsavo. Aliweka kumbukumbu zake kwenye madaftari, amebandika picha, majani, manyoya na vipande vya magazeti, na mengi yao yaliishia kwenye moto ule. Atkins naye hakuweka kazi yake mahali pamoja. Aliigawa kwa rafiki zake wa sayansi, sehemu baada ya sehemu, na leo nakala chache zilizosalia zimetawanyika kwenye maktaba na makumbusho. Aliyompa Herschel iko New York Public Library. Basi njia yoyote utakayochagua, gawa. Seti moja kwa shangazi, moja kwa mjomba, moja ibaki kwako. Picha mia nne ndani ya simu moja ni negativu zote ndani ya chumba kimoja.

Na andika. Adams aliipoteza tarehe yake mpaka mwezi ulipotoa ushahidi. Atkins naye alitia kwenye kitabu chake herufi A.A. tu, na mwishoni mwa karne ya 19 msomi mmoja akadhani maana yake ni "anonymous amateur", yaani mtu asiyejulikana aliyejifanyia kwa mapenzi. Mwanamke aliyeandika kwa mkono wake jina la kila mwani, jina lake mwenyewe likakaribia kupotea. Nyuma ya kila karatasi andika nani, wapi, lini, na ni mti wa nani.

Kwa nani, ipi

Kama bado unaishi mahali penyewe na hapana haraka, chukua njia ya Adams, na uanze leo, maana ndiyo inayolipwa na miaka. Kama mahali pameshaondoka na umebaki na picha moja iliyopauka kwenye albamu, njia yako ni ya Brandt, hata kama bango lenyewe litakuwa na ukubwa wa mlango tu.

Kwa mpwa wangu, mwenye miezi michache na shamba ambalo bado liko, nimemshauri Atkins bila kusita. Kuna sababu ambayo sikuisema mwanzoni. Baba yake Atkins, yule aliyemlea, alifariki mwaka 1852. Rafiki yake wa tangu utotoni, Anne Dixon, akaenda kukaa naye katika msiba, na wanawake wale wawili wakaanza kuchapa makangaga kwa jua. Picha nzuri kuliko zote alizowahi kutoa, kwa macho yangu, zilitokana na kipindi hicho. Hakuna sura ya baba ndani yake. Lakini makini ile aliyofundishwa na baba imo katika kila ncha ya jani. Mpwa wangu alisema babu hamwoni kwenye picha za simu. Nadhani atamwona mikononi mwake mwenyewe, atakapokuwa amelipindua jani kuangalia upande wa chini kama mzee alivyokuwa akifanya, akitafuta wadudu.

Bango tutalifikiria baadaye, mnunuzi akiridhia. Ipo picha moja ya baba amekaa kwenye kigoda chini ya mfenesi, nimeshaitoa kwenye fremu na kuisafisha vumbi.

Jumamosi tunakwenda. Karatasi thelathini nimeshazipaka, ziko ndani ya mfuko mweusi, na kioo cha dirisha la zamani nimekifunga kwa blanketi. Jana usiku alinitumia ujumbe akiuliza tuchukue majani ya mchungwa upi, maana ni mingi. Nimemjibu: mstari wa tatu kutoka barabarani, upande wa mfenesi. Ndiko babu yako alikokuwa akianzia kuvuna.